Tafuta Mti Ulioanguka: Mwongozo wa Kambi ya Msituni kwa Vijana Wasioona na Wanaoona

Kijana mmoja wa kidato cha pili, asiyeona tangu kuzaliwa, alisimama katika msitu wa Amani na viganja vyake viwili kwenye shina la mti. Aliupapasa, akauzunguka, akanusa gome, kisha akauliza, "Sasa matawi yako wapi?" Wenzake wakamwambia yako juu. "Juu wapi?" Juu sana. Akanyoosha mkono mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, akaruka mara moja, hakugusa kitu, akanyamaza. Maisha yake yote aliambiwa kwamba miti ni mirefu, lakini urefu pekee aliokuwa ameushika ni ule unaoishia kwenye ncha za vidole vyake.

Hatukuwa mbali na mti mkubwa ulioangushwa na upepo. Tulimfikisha kwenye mizizi, iliyokuwa imesimama hewani na udongo wake na mawe yake, tukamwacha. Alianza kutembea pole pole, mkono mmoja juu ya shina, kuelekea kileleni. Akahisi shina likipungua unene. Akakuta panda ya kwanza, akarudi nyuma kidogo kuihakikisha. Akapita matawi manene kama mapaja, kisha membamba kama mikono, mwisho vijiti vilivyokatika vidoleni mwake. Alihesabu hatua 53. Aliporudi mizizini alikuwa anahema. "Kumbe mti ni mrefu hivi," alisema, "na watu wote mlikuwa mnajua."

Tangu siku hiyo, nikipewa kazi ya kuandaa kambi, kabla sijauliza pa kulala wala pa kuchota maji, huuliza kwanza: mti ulioanguka uko wapi? Kijana asiyeona haji msituni kusimuliwa msitu. Anakuja kuupima mwenyewe. Kazi yako ni kumtafutia mahali ambapo mkono wake, sikio lake na mguu wake vitafika, kisha umpishe.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu, wazazi, viongozi wa skauti na wa vikundi vya dini, na vijana wenyewe wanaotaka kuanzisha kambi. Mifano mingi ni ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, kwa sababu ndiko nilikojifunza. Unaweza kuyafanya haya Kakamega, Arabuko-Sokoke, au kwenye msitu mdogo ulio nyuma ya shule yako.

Nani aje, na aje kama nani

Kambi jumuishi ni ile ambayo vijana wasioona, wenye uoni hafifu na wanaoona wanalala hema moja, wanapika zamu moja na wanachafuka matope yale yale. Idadi iwe nusu kwa nusu. Wasioona wawili kati ya wanaoona ishirini watakuwa wageni wa watu, na wanaoona wawili kati ya wasioona ishirini watakuwa watumishi. Ukianza, anza na vijana 16: wanane wasioona au wenye uoni hafifu, wanane wanaoona, wote wa rika moja. Viongozi wawe sita, na angalau wawili wao wawe watu wazima wasioona. Chama cha Wasioona Tanzania kina matawi mikoani, nacho kinaweza kukusaidia kuwapata. Kijana anayemsikia mtu mzima asiyeona akipasua kuni na kukemea waliochelewa hahitaji hotuba ya kumtia moyo.

Katika kambi ya kwanza niliyosaidia kuandaa tulikosea hapo. Tulimpa kila asiyeona msindikizaji wake anayeona, tukidhani tumetenda wema. Siku ya tatu msichana mmoja alikaa karibu na jiko, akakataa kwenda matembezini. Nilipomuuliza sababu alisema, "Nimechoka kuwa kazi ya mtu." Jioni ile tuliuvunja mpango wote. Tukapanga zamu upya: kila mtu atachota maji, atakata vitunguu, ataosha sufuria, ataongoza kundi siku yake ikifika. Wawili wanaotembea pamoja wabadilike kila siku, na asubuhi waulizane wenyewe nani anahitaji nini.

Mkumbuke Henry Wanyoike, mwanariadha wa Kenya asiyeona, kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Katika mbio za mita 5,000 mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na Wanyoike ndiye aliyemkokota mpaka wakavuka mstari na kutwaa dhahabu. Kamba inayomuunganisha mkimbiaji na mwongozaji wake ina ncha mbili, na kambi nzuri huwapa vijana nafasi ya kushika zote.

Jambo moja naomba ulikatae hata likipendekezwa na mfadhili: mchezo wa kuwafunga vitambaa wanaoona ili "waonje" kutoona. Aliyefungwa macho kwa nusu saa huonja woga wa kujikwaa tu. Ustadi wa mwenzake aliyejifunza kutembea kwa miaka kumi hauonji hata kidogo, na hutoka pale na huruma badala ya heshima. Akitaka kujua, amuulize mwenzake.

Miezi mitatu kabla ya safari

Kwa Tanzania, likizo ya Juni ndiyo inayofaa zaidi. Masika yamepita, njia zinaanza kukauka, na mito bado ina maji ya kusikika. Amani iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni una baridi ambayo kijana wa Tanga mjini hajaizoea. Sweta na blanketi viwe vya lazima.

Omba kibali mapema. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Katika barua yako eleza wazi kwamba vijana watahitaji kugusa. Mgeni wa hifadhi kwa kawaida huambiwa aangalie tu, asiguse. Mhifadhi akijua sababu tangu mwanzo, atakuonyesha mimea inayovumilia mikono na atakutajia ile ya kuiacha. Mwombe pia akuonyeshe mti wako ulioanguka.

Mkuu wa shule akisita, mkumbushe kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo na mapumziko sawa na wengine. Mzazi akisita, sheria haitamsaidia. Swali lake ni moja, hata akilizungusha: mtoto wangu ataumia? Mjibu kwa ukweli. Mwambie huenda akachubuka goti, kisha mwonyeshe mpango wako wa usalama ukurasa kwa ukurasa. Mweleze pia kwamba mwaka 1969 vijana saba wasioona wa Afrika Mashariki walifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Njia ya kwenda chooni Amani ni fupi kuliko hiyo.

Kila kijana, awe anaona au haoni, ajibu maswali haya kabla ya kuja:

- Unaona nini, na wakati gani? Wapo wanaoona mchana lakini jua likizama hawaoni kitu. Wapo wanaoumizwa na mwanga mkali, wakaona vizuri zaidi jioni. Neno "uoni hafifu" peke yake halikuambii lolote.
- Jicho lako limewahi kupasuliwa, au daktari amekukataza kuruka na kubeba vitu vizito? Kwa baadhi ya macho, mshtuko mmoja unaweza kuondoa uoni uliobaki.
- Unatumia dawa gani, saa ngapi? Matone ya presha ya jicho hayarukwi kwa sababu ya safari. Uliza pia yanahifadhiwaje.
- Unasoma kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa, au kwa kusikiliza?
- Una fimbo nyeupe, na ni nzima? Wengi huja bila fimbo. Beba za akiba, au chonga za mianzi iliyonyooka zinazofika kifuani mwa mwenye kuitumia.
- Unaogopa nini? Swali hili waulize wote. Mara nyingi wanaoogopa giza ni wale wanaoona.

Kati ya wenye uoni hafifu watakuwamo vijana wenye ualbino, nao wanahitaji uangalifu wa pekee. Ngozi yao haina kinga ya jua, kwa hiyo kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, suruali na losheni ya kukinga jua vihesabiwe kama chakula. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao hasa. Shughuli za uwanjani ziishe kabla ya saa nne asubuhi, zianze tena baada ya saa kumi jioni. Saa zilizo katikati ni za kivulini. Halafu kuna lile ambalo sote tunalijua na hatupendi kulitaja: wenye ualbino wamewindwa katika nchi yetu. Wasitembee peke yao wala kwa makundi madogo, uongozi wa kijiji ujue kambi ipo na ni ya nani, na picha zao zisisambazwe popote bila idhini yao na ya wazazi.

Kupanga kambi ili miguu iielewe

Chagua uwanja tambarare wenye alama zake za asili: mto unaosikika upande mmoja, mteremko upande mwingine. Panga mahema kwa mstari mmoja, milango yote itazame upande mmoja, na kamba za hema ziwe upande wa nyuma ambako hakuna anayepita. Katikati weka kituo mama, sehemu ambayo kila safari huanzia na kuishia. Sisi hutundika kengele mtini. Aliyepoteza mwelekeo husimama na kuita "Kengele!", na aliye karibu huigonga mara moja.

Kutoka kituo mama funga kamba ya katani hadi chooni, hadi jikoni na hadi bombani, urefu wa kiuno, nene kama kidole gumba. Fundo moja maana yake simama, kuna kitu. Mafundo mawili maana yake ardhi inashuka au inapanda. Mbele ya choo mwaga kokoto, ili mguu ujue umefika kabla mkono haujagusa mlango. Jiko lizungushiwe magogo mazito kwa umbali wa hatua tatu. Atakayevuka magogo ni mwenye zamu tu, na ajitaje.

Kwa wenye uoni hafifu, funga vitambaa vyeupe au vya njano kwenye nguzo na kamba, paka rangi ya njano kwenye kingo za ngazi, na andika majina ya mahema kwa herufi nene nyeusi juu ya njano. Mkiingia msituni kutoka juani, simameni dakika mbili mpaka macho yazoee kivuli. Wengi hujikwaa katika dakika hizo.

Jioni ya kwanza toa ungo. Juu yake wapangie kambi nzima: punje za maharage ni mahema, uzi ni kamba, kokoto ni choo, kifuniko cha chupa ni kengele, mkunjo wa kitambaa kibichi ni mto. Ungo uzunguke mkono kwa mkono. Kisha kila mmoja atembee njia zote tatu kwa miguu yake, arudi kwenye ungo, azitafute tena kwa kidole. Ninapenda sana kuwatazama wakati huo. Kidole kikipita kwenye uzi, uso hubadilika, na mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa ameshikwa mkono huinuka na kwenda kuchota maji.

Sheria moja itangazwe mara tatu: kitu hakihamishwi kimya kimya. Benchi likisogezwa au ndoo ikiwekwa njiani, kambi nzima iambiwe.

Kuongoza bila kuburuta

Usimkamate mtu. Msogelee, jitaje jina, uliza, "Tutembee pamoja?" Akikubali, yeye ndiye akushike wewe, juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie kwa nusu hatua. Mwili wako ukishuka, mkono wake utajua kabla ya maneno. Njia ikiwa nyembamba, peleka mkono huo nyuma ya mgongo wako, naye atahamia nyuma yako moja kwa moja. Kwenye ngazi, jiwe au mzizi, simama kwanza, sema unapanda au unashuka, kisha nenda. Kwenye kiti, mwekee mkono juu ya egemeo, mengine atayamaliza. Usimwache katikati ya uwanja mtupu. Mfikishe kwenye mti, meza au kamba, umwambie unaondoka.

Njia ya msituni ina hatari ambayo fimbo nyeupe haiijui: matawi ya usoni. Fimbo husoma ardhi, haisomi kinachoning'inia. Siku moja kabla, kiongozi apite njia yote akikagua kimo cha uso, afunge au aelekeze pembeni kila tawi, na kama hairuhusiwi kulikata, alitundikie kitambaa na kengele ndogo. Kofia yenye ukingo na miwani vitasaidia. Wafundishe pia mkono wa ngao: kuinua mkono mbele ya paji la uso, kiganja nje.

Yafanyie kazi maneno yako

Kiswahili chetu kimejaa vidole. "Weka pale." "Pita huku." "Kipo kule, karibu na hicho." Kila moja ya sentensi hizi inamtegemea anayeona mkono wako au mdomo wako ulioelekeza. Viongozi wajizoeze wiki nzima kabla ya kambi kusema: kulia kwako, hatua nne mbele, kimo cha goti, mgongoni kwako, upande wa mto. Mwanzoni ulimi utakwama. Baada ya siku tatu utashangaa jinsi wanaoona nao wanavyokuelewa vizuri zaidi.

Kuna mtego mwingine ulio wetu peke yetu. Walimu wengi hutumia uso wa saa kueleza chakula kilivyokaa kwenye sahani, au kitu kilipo mbele ya mtu. Lakini mkono wa saa ukisimama juu kabisa, penye 12, sisi tunasema saa sita, na ukisimama chini, penye 6, tunasema saa kumi na mbili. Ukimwambia kijana "nyama iko saa sita," mmoja atapeleka mkono juu ya sahani, mwingine atauvuta tumboni. Jioni ya kwanza kubalianeni saa ipi inatumika kambini, au acheni saa kabisa mseme "upande wa tumbo lako," "upande wa mbali," "kushoto." Sisi tumeiacha, na mchuzi umeacha kumwagika.

Ukiingia mahali, jitaje. Ukiondoka, sema. Ukimuuliza mtu jambo, anza na jina lake, maana tabasamu lako halimfikii. Na usiyaogope maneno "ona" na "tazama". Wasioona wenyewe huyatumia siku nzima.

Msitu wa mikono

Kugusa kuna adabu na kuna mbinu. Adabu ni kwamba mkono wa kijana ni wake. Usiunyakue na kuukandamiza kwenye kitu. Weka mkono wako kwenye kitu hicho, naye aweke wake juu ya wako, mwende pamoja, kisha uutoe wako taratibu. Hivyo atakuwa na uwezo wa kurudi nyuma akitaka, na asiyeweza kurudi nyuma hajifunzi, anavumilia tu.

Mbinu ni hii: mikono miwili, mmoja ubaki mahali pamoja kama nanga, mwingine utembee. Kitu kijulikane kwanza kwa ujumla wake, ndipo sehemu zake. Jani ukilianzia kwenye mishipa, litabaki mishipa. Vitu vidogo mno, vikubwa mno au vya mbali vinahitaji akili yako. Mti mrefu ujulikane kwa mti ulioanguka. Kichuguu kilichohamwa kikatwe kuonyesha vyumba vyake, kama mhifadhi akiruhusu. Na ukungu wa asubuhi ukiwafunika Amani, usiupoteze: waambie, hili ni wingu, limeshuka, mmesimama ndani yake. Nimewaona vijana wakifungua vinywa na kunyoosha ndimi ili walionje.

Usambara ndiko lilikotoka ua dogo lililopelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati huo, na ambalo leo hupandwa vyunguni dunia nzima kwa jina la Saintpaulia. Majani yake yana manyoya laini kama shavu la mtoto. Porini ni adimu, kwa hiyo omba mche wa bustanini, kila mmoja aguse jani moja kwa ncha ya kidole. Jambo la kulinda hueleweka upesi zaidi ukiwa umeligusa.

Pua nazo zipewe siku yao. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ndani yake mna miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia, ya viungo ikiwamo. Kwanua gome la mdalasini lililodondoka, ponda jani la mkarafuu, pasua iliki. Usizidishe harufu nne kwa mara moja, maana pua huchoka zikachanganyika. Na uwe mwangalifu na mti wa kafuri, unaotoa karafuu maiti. Kwa vijana wengi wa pwani harufu ya karafuu maiti ni harufu ya msiba. Waambie kabla, asiyetaka apite. Mmoja akisimama kimya mbele ya jani lile, msimwulize mbele ya watu.

Msitu wa masikio

Wahenga waliowapa ndege majina walikuwa wakisikiliza. Sema hondohondo, sema dudumizi, sema tetere, na utasikia kwamba jina ni sauti iliyokamatwa. Anzieni hapo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kaeni kimya dakika ishirini, kila mtu na ungo wake na maharage yake. Katikati ya ungo ni yeye. Kila sauti anayoisikia aiwekee punje upande inakotoka, karibu au mbali. Kisha mlinganishe. Wanaoona mara nyingi huwa na punje tatu. Wenzao watakuwa wameweka kumi, na wataeleza kwamba ile ya mbali kulia si ndege, ni mbawa za hondohondo zikipiga hewa.

Usiku rudieni. Perere hukwaruza na kupiga kelele kutoka mitini kwa sauti inayozidi umbo lake mara nyingi, na komba hulia kama mtoto. Giza likiingia kambi nzima inakuwa sawa, na nimeona mara nyingi kwamba usiku ndipo wasioona huanza kuongoza bila kuombwa. Waache waongoze. Zimeni tochi, isipokuwa kwa anayeihitaji kwa uoni wake mdogo.

Msivute ndege kwa kuwapigia sauti zao kwenye simu. Huwasumbua, hasa wakati wa kutaga. Simu irekodi tu, na rekodi zipewe majina na vijana wenyewe.

Waeleze pia kwamba kuna watu wamefanya hivi kuwa kazi ya maisha. Geerat Vermeij, aliyepoteza uoni akiwa na miaka mitatu, alikuwa profesa California na bingwa wa makombe ya baharini, akiyasoma kwa vidole: alama za kaa waliojaribu kuyavunja, unene, mikunjo. Juan Pablo Culasso wa Uruguay, asiyeona tangu kuzaliwa, ni mtaalamu wa kutambua ndege kwa sauti. Sayansi ya viumbe haikuwafungia mlango.

Hatari zisizofichwa

Kila kituo cha kugusa kiwe na mgusaji wa kwanza, kiongozi anayeona, anayekagua dakika chache kabla ya kundi kufika. Anatafuta upupu, viwavi washa, siafu, nyigu na miba. Mti ulioanguka ukaguliwe zaidi ya vyote: agonge shina kwa fimbo kutoka mizizi hadi kileleni, asubiri, achungulie chini yake kwa ajili ya nyoka, afunge vitambaa kwenye matawi yaliyovunjika yenye ncha. Mkono hauingizwi kwenye tundu lolote, iwe la mti au la ardhi. Hili halina msamaha.

Jongoo ni mwalimu mzuri, maana hutembea mkononi taratibu na kila mguu huhesabika. Lakini hutoa majimaji yanayochoma macho, na vijana wengi wasioona wana mazoea ya kusugua macho. Maji na sabuni viwepo hapo hapo, na mikono ioshwe kabla ya neno lingine.

Kila mtu avae filimbi shingoni. Mlio mmoja mrefu: nipo hapa. Mitatu mifupi: njooni. Anayejikuta peke yake asimame, ashike mti, apulize, asitembee. Gari liwepo kambini usiku na mchana, dereva wake asilale mbali, na barabara ya kwenda hospitali ya Muheza ijulikane na viongozi wote. Siku ya pili fanyeni zoezi la kuondoka kambini ghafla usiku.

Siku moja inavyokwenda

Alfajiri ni ya kusikiliza, halafu chai. Kabla ya saa nne matembezi ya asubuhi, yasiyozidi kilomita mbili, yenye vituo vinne au vitano. Mchana ni wa kivulini: kuandika kwa nukta nundu au kwa kalamu yale ya asubuhi, kupumzika, kupika. Saa kumi shughuli ya nguvu, kama kuvuka kijito kwa kamba, kupima miti au kupanda miche. Jioni moto, hadithi na mipango ya kesho. Ukiwa na siku tano, acha ya nne wazi kabisa, vijana waipange wenyewe. Watakachokipanga ndicho kipimo cha kambi yako.

Siku ya mwisho waite wazazi. Usiwaandalie hotuba. Kila kijana amchukue wake na kumtembeza kituo kwa kituo, aeleze yeye. Yule kijana wa kidato cha pili alimpeleka mama yake moja kwa moja kwenye mti ulioanguka. Alimshika mkono, akauweka kwenye shina, akamwambia, "Mama, anza hapa, usikimbie." Mama, ambaye macho yake ni mazima, alitembea hatua zote mpaka vijitini, na mwanawe akimhesabia.

Mwezi mmoja baadaye wapigie simu. Uliza nini kimebaki, nini kiliwaudhi, nani ameanza kutoka nyumbani peke yake. Yaandike, maana mwongozo wa kambi ijayo unaanzia hapo.

Mti ule umeanza kuoza. Uyoga umejaa ubavuni, na gome likiguswa linabanduka. Mhifadhi ameniambia masika yaliyopita yameangusha mwingine, mkubwa zaidi, bondeni upande wa mto. Juni tunakwenda kuupima.